Boya la Kijipu cha Dokta Neema

Vijana wangu wa gereji, na nyie wa bodaboda mnaopaki pale Majengo mkilala juu ya matanki kama mijusi inayoota jua, sogeeni niwaambie jambo. Siku hizi mtu anakuja na kikompyuta, anachomeka waya chini ya usukani, kikompyuta kinamtajia ugonjwa wa gari, naye anaitwa fundi. Mimi huyo simwiti fundi, namwita msomaji wa barua. Magari yetu hayakuwa yanaandika barua. Yalikuwa yanakohoa, yanapiga chafya, yananuka, na kazi ya kujua yanaumwa nini ilikuwa yako.

Mimi nimefungua kabureta nyingi kuliko sahani za ubwabwa mlizokula. Mikono yangu ilinuka petroli mpaka mbu wa Mpanda hii walinikwepa. Mke wangu alikuwa anaazima chandarua kwa jirani siku nikisafiri tu. Na msifikiri kabureta imekufa. Hizo pikipiki zenu nyingi bado zinayo, na nawasikia asubuhi mnavyozitesa, mnavuta resi kabla chuma hakijapata hata joto la chai.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Sadala, Mnyamwezi. Mimi Mfipa, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo watani, kwa hiyo hakunionea huruma. Siku ya kwanza nilipofika gereji alinitazama kuanzia miguuni, akasema, "Hee! Wafipa wameishiwa ngano mpaka wanatuletea watu?" Nikamjibu, "Mzee, nimetumwa kuja kuangalia kama Wanyamwezi bado wanabeba mizigo kichwani au wamegundua gurudumu." Alicheka akakaa chini. Huo ndio ulikuwa usaili wangu, na kazi nikapata.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya kwenye pikapu ya jamaa mmoja aliyekuwa akibeba matofali. Kabureta ilikuwa imeziba. Ndani ya kabureta kuna jeti, kijitu cha shaba chenye tundu dogo, petroli inapita humo. Mimi, kwa akili zangu zote, nikachukua waya wa breki ya baiskeli nikalichokonoa lile tundu mpaka likang'aa. Gari likawaka, likanguruma vizuri, nikajisifu. Baada ya siku mbili jamaa akarudi amevimba: pikapu inakunywa petroli kama mlevi wa sikukuu, na moshi wake mweusi umeharibu nguo za watu kwenye kamba mtaa mzima.

Mzee Sadala akaitoa jeti, akaishika juu akaichungulia juani, kisha akanipa na mimi nichungulie.

"Unaona nini, mtani?"

"Naona jua, mzee."

"Hukutakiwa kuliona lote. Tundu halipungui, we Mfipa. Tundu kila siku linaongezeka tu. Ukishalipanua, hata malaika hawezi kulirudisha."

Tangu siku hiyo nilisafisha jeti kwa unywele wa mkia wa ng'ombe na upepo wa pampu ya baiskeli. Unywele ule mgumu unapita, unasukuma uchafu, haukwangui shaba. Nilikuwa na kifungu kizima mfukoni, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeanza uganga.

Na kutyuni kwenyewe, kuirekebisha kabureta mpaka injini iungurume sawa, ni hivi, mkitaka msikilize, msipotaka kalaleni kwenye matanki yenu. Kwanza injini ipate moto, maana injini baridi ni mwongo. Kisha skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli unaifunga polepole kwa vidole vitatu, ikigusa unaacha. Ukiikaza kwa nguvu za ugali unaharibu ncha yake. Halafu unairudisha nyuma mzunguko mmoja na nusu. Hapo unaanza kusikiliza. Unageuza kidogo, robo ya robo, mpaka injini inaimba haraka na laini. Kisha unashusha sailensa, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, mpaka gari linapumua bila kutetemeka. Mwisho unatoa plagi uisome. Ikiwa nyeusi kama sufuria ya kande, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama unga, petroli ni kidogo na injini inaungua. Ikiwa na rangi ya ganda la karanga, funga boneti, nawa mikono.

Halafu mimi, msinione hivi, ni msomi. Shule niliishia darasa la saba, lakini nikiwa na watoto wanne nikajiandikisha masomo ya jioni Makanyagio. Nilikaa dawati moja na binti wa mteja wangu, akiniita "babu" na kunipokonya rula. Kidato cha nne nimemaliza nina mvi. Cheti kiko ukutani sebuleni, na kiti cha wageni nimekielekeza huko, ili hata asiyetaka akisome. Mwalimu wa fizikia alitueleza kuwa kilo moja ya petroli inataka kilo kama kumi na tano za hewa ndipo iungue vizuri. Nikanyoosha mkono, nikauliza hewa hiyo inapimwa kwenye mzani wa nyama au wa mpunga. Darasa zima liliangua kicheko, lakini mimi usiku huo nilijiona nimewapita mafundi wote kuanzia Tabora mpaka Kigoma.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mtu akishajua kitu kwa jina la kitabuni, anadharau alichofundishwa kwa mikono. Mzee Sadala alikuwa ameshastaafu, amebaki kwake anafuga kuku, na gereji imekuwa yangu.

Akaja Dokta Neema, daktari wa mifugo. Mwanamke mfupi, mpole, haongei sana, lakini nimeona dume la ng'ombe likirudi nyuma kwa kumwangalia tu. Alikuwa na kijipu kidogo cha petroli, cha turubai juu, cha kuendesha magurudumu yote manne, kigari cha porini hasa. Kilikuwa hakina nguvu. Na kesho yake alfajiri alikuwa anapeleka Majimoto chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Ugonjwa ulikuwa umeingia upande ule; wafugaji walikuwa wameshaona ng'ombe wakikohoa, wengine wamezika. Walikuwa wameambiwa wakusanye mifugo yao siku hiyo, na chanjo lazima isafiri kwenye sanduku la barafu.

"Fundi Krispini," akaniambia, "kikinifia njiani, chanjo yote inakufa."

"Dokta, nikimaliza hiki kijipu utakikataza kisipae."

Nikaingia kazini. Ndani ya kabureta kuna kibakuli cha petroli, na ndani ya kibakuli kuna boya. Msicheke, najua nyie mnaitana hivyo. Petroli ikijaa, boya linapanda na ulimi wake unasukuma kizibo, petroli inaacha kuingia. Ukiukunja ule ulimi kidogo, unaamua petroli isimame wapi. Mimi nikaukunja petroli isimame juu zaidi, nikisema kijipu kina njaa, nakipa chakula cha kutosha. Nikatyuni. Nikaweka glasi ya chai juu ya boneti, injini inaunguruma, na chai haikutikisika hata duara moja. Watu walijaa. Muuza karanga aliacha karanga zake akaja kutazama. Mtu mmoja akapiga makofi, na mimi nikainama kama mwimbaji wa kwaya.

Sasa sikilizeni. Nyuma ya gereji yetu palikuwa na kichuguu, kikubwa kama chumba. Sheria ya Mzee Sadala ilikuwa kwamba gari la porini halitoki gerejini bila kwenda kichuguuni. Unapandisha gurudumu la kushoto juu ya kichuguu, gari linalala upande, unaliacha linaunguruma kwa muda wa kunywa kikombe cha uji. Kisha unaligeuza, unalilaza upande wa pili. "Sakafu ya gereji," alikuwa akisema, "haipo porini." Lakini jioni ile watu wananisifu, Dokta anangoja, chai imetulia, na mimi nina kidato cha nne. Nikasema kichuguu ni mambo ya kale. Nikafunga boneti.

Tena kwa kujitapa nikajialika safarini. "Nakuja na wewe, Dokta, nisikie mwenyewe kinavyoimba."

Tukatoka alfajiri. Kijipu kiliruka! Sitalike tumepita viboko hawajamaliza kupiga miayo. Ndani ya hifadhi ya wanyama mbung'o walitufuata, wale mbung'o wenye ukubwa wa shomoro, wakachoka wakarudi. Nikamwambia Dokta, "Unasikia? Hiyo ni fizikia." Akatabasamu tu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine anagusa sanduku lililokuwa katikati yetu.

"Barafu hii inanifikisha saa tisa alasiri," akasema. "Baada ya hapo, ninachobaki nacho nakimwaga."

"Saa tano tuko Majimoto, mama."

Saa nne tukaacha barabara kubwa, tukashika njia ya ng'ombe kuelekea mahali mifugo ilipokusanywa. Mbele palikuwa na korongo la mchanga. Tukashuka vizuri. Kupanda upande wa pili njia ilikuwa imelala, magurudumu ya kulia chini, ya kushoto juu. Kijipu kikapanda hatua tatu, kikakohoa, kikazima. Kikarudi nyuma chenyewe mpaka chini kwenye mchanga, kikazama.

Nikacheka. "Kidogo tu, Dokta." Kikawaka. Tukapanda tena, kikazima palepale. Sasa petroli inanuka kama tumeioga.

Nikafungua boneti, nikatoa plagi. Zilikuwa zimelowa chapachapa na nyeusi tii. Vijana, plagi ilikuwa inaniambia kila kitu kwa sauti kubwa, lakini mimi nilishajibu kabla haijamaliza.

"Mafuta haya yana maji. Hawa wauza mafuta ya madumu hawana dini."

Nikatoa chujio, nikalipuliza. Nikamwaga petroli kidogo mchangani, nikaitazama. Nikakausha plagi, nikazirudisha. Tukapanda, kikazima. Saa tano ikapita.

Wakatokea wachungaji wawili, wanaume wa Kisukuma wenye fimbo mabegani, wanapeleka ng'ombe kulekule tunakokwenda. Wakasimama juu ya ukingo kama watu waliolipia kiingilio.

"Fundi, kagari kenu kana degedege?" akauliza wa kwanza.

"Kapeni maji ya sukari," akasema wa pili.

"Nendeni zenu," nikawaambia, "hii ni kazi ya wataalamu."

"Tunaona, mtaalamu. Umepaka uso grisi kama bibi harusi."

Wakaondoka wakicheka. Ng'ambo ya korongo, kwenye majaruba ya mpunga, mama mmoja alikuwa akilima na jozi ya maksai. Alikuwa anatutazama muda mrefu. Akasimamisha wanyama, akaja mpaka ukingoni na kiboko chake mkononi. Huyo ndiye Mama Kulwa, mjane, aliyehamia bondeni na mumewe na ng'ombe, mume akafa, yeye akabaki nao.

"Habari za kazi, baba? Nilete maksai wawavute?"

Sasa nyie mnajua maana yake. Fundi mzima wa Mpanda, aliyetuliza glasi ya chai mbele ya watu, avutwe na ng'ombe! Habari ingefika Majengo kabla yangu.

"Asante, mama. Dakika mbili tu kitawaka."

"Haya," akasema. Akarudi kwenye jaruba lake.

Dakika zangu mbili zilikuwa saa nzima na zaidi. Nilifungua vitu ambavyo havina uhusiano wowote na kuzima. Nilisafisha hata honi. Dokta Neema alikuwa amevua kanga yake, ameloanisha kwa maji ya kunywa, amelifunika sanduku na kukaa upande wa jua ili kivuli chake kiliangukie. Hakuwa amenigombeza hata mara moja. Saa sita na nusu akasema, bila kuniangalia:

"Fundi. Mimi ninachochunga ni barafu. Wewe unachunga nini?"

Vijana, nimetukanwa na madereva wa malori, nimetukanwa na Mnyamwezi miaka kumi na mbili, lakini hakuna neno lililonichoma kama lile. Nikapanda ukingo, nikatembea mpaka jarubani, nikavua kofia.

"Mama, samahani. Naomba maksai."

Hakunicheka. Alifungua jembe, akaleta mnyororo, akawaita wanyama kwa majina yao, Shida na Tabu. Nikasema moyoni, kweli, nimevutwa na hao hao. Wakainamisha shingo, wakavuta mara moja, na kijipu kikatoka korongoni kama jino bovu. Juu kwenye tambarare Dokta akapiga stata. Kikawaka hapohapo, laini kabisa.

Akanitazama. "Kikiinama kinazima. Kikikaa sawa kinawaka. Hayo maji kwenye mafuta yanajua kuinama?"

Nikaona lile boya kana kwamba kabureta ni ya kioo. Petroli niliyoiweka juu sana, kijipu kikilala upande inamwagika kooni mwa injini na kuizamisha. Ningekipeleka kichuguuni jioni ile, kingezima mbele ya wale wapiga makofi, ningekitengeneza kwa nusu saa.

"Si mafuta, Dokta," nikasema. "Ni mimi."

Nikafungua kabureta, nikaukunja ulimi wa boya urudi ulipokuwa, na zaidi kidogo. Bonde lile halikosi vichuguu. Nikapandisha gurudumu la kushoto, nikahesabu mpaka mia mbili. Nikageuza, nikahesabu tena. Kijipu kililala upande kama mzee kwenye mkeka, kikaendelea kupumua. Dakika ishirini jumla. Mama Kulwa aliangalia mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi tangulieni, baba. Na mimi nina wangu kumi na mmoja, na hawa wawili. Niwafungue nira, nikawatoe nyumbani, nawafuata."

Tukafika saa nane kasoro. Ng'ombe walikuwa wengi hivi kwamba vumbi lao lingeweza kujenga nyumba. Wale wachungaji wawili walikuwepo, wakapiga mluzi: "Mtaalamu kafika!" Nikavua shati, nikaingia kwenye kibanio cha kubania ng'ombe, nikashika pembe, nikashika mikia, Dokta anachoma sindano bila kunyanyua kichwa. Foleni ikaenda, ikaenda.

Saa tisa ikafika. Dokta akafungua sanduku, akatia mkono. Barafu ilikuwa maji, na maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akatazama kipimajoto chake. Akachukua chupa zilizobaki, akazifungua moja moja, akazimwaga chini.

Nikainua macho kuona ni nani aliyebaki. Mwishoni mwa foleni, peke yake, alikuwa Mama Kulwa na ng'ombe wake kumi na watatu. Alichelewa kwa sababu alikwenda kufungua nira. Saa ile nira ilikuwa bado shingoni kwa sababu alisimama kunivuta mimi.

Dokta akamweleza taratibu: dawa imekufa kwa joto, lazima afuate nyingine Mpanda, atarudi keshokutwa. Mama yule akaitikia kwa kichwa. Ndama wake mmoja akakohoa. Inawezekana lilikuwa vumbi tu. Akawageuza, akawaswaga kurudi nyumbani, na wale wachungaji wawili, safari hii, hawakuwa na mzaha wowote.

Siku mbili zile sikulala vizuri. Kila mtu akikohoa mtaani Majengo nilikuwa nasimama. Siku ya tatu alfajiri nilikuwa nimekaa ndani ya kijipu kabla Dokta hajatoka nyumbani kwake. Hakuniita, na hakuniuliza nimefuata nini. Aliweka sanduku katikati yetu, tukaondoka. Korongo tulilipanda mara moja, kijipu kimelala upande, hakikukohoa.

Tukaenda moja kwa moja kwa Mama Kulwa, hata wazee wa kijiji hatujawasalimu. Tulimkuta amekwishafunga ng'ombe wake kumi na mmoja kwenye zizi. Dokta akawachoma wote, akawapima pumzi. Wazima, hata yule ndama. Nikamshukuru Mungu kwa Kifipa na kwa Kiswahili.

"Na Shida na Tabu wako wapi, mama?" nikauliza.

"Hee, baba, hao wameazimwa sasa hivi. Kuna gari la mpunga limekwama kule mbele, wamekwenda kulivuta."

Dokta akatazama sanduku, akanitazama mimi. Sikungoja aseme. Nilikimbia kwenye yale majaruba kwa miguu, mzee mzima, naruka matuta kama swala. Nikalikuta lile gari limezama mpaka ekseli, mwenyewe anafunga mnyororo.

"Ndugu yangu," nikamwambia huku nahema, "wafungue maksai wa watu. Wanasubiriwa na sindano."

"Na gari langu je?"

Nikaufungua mnyororo kwa mikono yangu, maksai wakaondoka taratibu kurudi kwao. Nikakunja suruali, nikaingia kwenye tope nyuma ya lile gari, nikaweka bega, nikasukuma.